Tuisheni ya Kukhu Nekoye

Mama mkwe wangu, Nekoye, anauza maharagwe soko la Sirisia, na hajawahi kushindwa na mtu, awe mteja, awe pasta. Kwa hivyo Arafa alipokuja kutoka Kitale, akatueleza anafanya utafiti juu ya watoto waliougua malaria kali, aone akili zao zinakua vipi, mama alisikia neno moja tu: mtihani.

"Ni kucheza na vibao tu, mama. Hakuna kufaulu wala kuanguka," nikamwambia.

"Ati mtu atoke Kitale yote hiyo kuja kuangalia mtoto akicheza? Wacha mchezo!"

Akaanzisha tuisheni. Hillary wangu hajafika hata miaka mitatu, lakini kila asubuhi kabla ya uji: panga magunzi ya mahindi! Pua iko wapi? Mtoto akawa akiona gunzi anatoroka. Nilikasirika, siwezi kudanganya. Lakini tangu malaria kali impige na degedege, Hillary alikuwa anasema neno moja moja, "maji", "ng'ombe", basi. Majirani walishaanza kunong'ona kwamba malaria imemharibu kichwa. Mama aliogopa, na mimi nilimshinda kwa kuogopa.

Siku ikafika. Arafa akatandika mkeka sebuleni, akapanga vibao, akatuomba tusimsaidie mtoto. Hillary akachukua kimoja, akakilamba. Mama akakohoa. Akakohoa tena, kidole kikielekeza: juu, weka juu! Arafa akamtoa nje kwa heshima zote.

Kidogo tu, kitambaa cha kichwa cha mama hicho dirishani. "Kama gunzi, baba! Si ni kama gunzi tu?"

Hillary akaweka kibao chini. Akageukia dirisha, amekunja uso.

"Kukhu, wacha kelele!"

Yesu wangu! Kwetu mtoto hamfokei kukhu, nyanya yake mzazi, hata siku moja. Dirisha likabaki tupu. Nikajua mama ameenda kuvunja fimbo, nikatoka mbio nimwombee mtoto msamaha.

Nikamkuta barabarani, leso juu, anapigia vigelegele kila pikipiki inayopita. "Amenigombeza! Maneno matatu, bana! Amenigombeza mimi!"

Watu wa bodaboda wakadhani amerukwa na akili. Mimi nilikaa palepale kwenye nyasi, nikalia.