Tundu la Kifungo Lililomnyima Chuo

Jumanne tulimzika Msasani mwanamke niliyekua naye nyumba kwa nyumba. Homa ya siku nne tu. Huyo ndiye aliyenifundisha kugawanya kwa kuniandikia tarakimu mchangani, wakati mwalimu wangu alikwishakata tamaa na kichwa changu. Mazikoni alikuja mkaguzi wa shule, mwalimu mwenzangu aliyepanda cheo, akatuhutubia kwamba marehemu alikuwa mwalimu wa kuzaliwa. Na yeye ndiye aliyemfungia darasa lake.

Sote wawili tuliomba chuo cha ualimu, yeye cha wasichana, mie cha wavulana. Kwa hesabu na kusoma aliwapita wasichana wenzake wote, na mimi alikuwa ameniacha mbali. Ila wasichana walitahiniwa kushona pia, na watu wenye akili zao walikaa mezani wakaamua kwamba aliyeanguka kushona ameanguka yote. Yeye alitumia mkono wa kushoto. Bibi wa Kizungu aliyesimamia mtihani akamhamishia sindano mkono wa kulia, na tundu la kifungo likatoka limepinda. Baba yake alipokwenda kuuliza, karani alimjibu bila kuinua macho, “Alama ikishaandikwa haifutwi, mzee. Na mwakani umri utakuwa umempita.” Basi serikali ikampoteza mwalimu kwa ajili ya tundu la kifungo, ikanipata mie, ambaye hakuna aliyenitaka nishone hata kiraka.

Akaolewa Kipawa. Uani kwake akafundisha watoto wa majirani, na walipoanza kuwashinda watoto wa shule niliyofundisha, mkaguzi akataka kuona. Mimi ndiye niliyemwonyesha njia. Watoto walikuwa mikekani, kimya, wakikokotoa.

“Cheti chako kiko wapi?” mkaguzi akamwuliza.

“Hamkunipa.”

“Basi hapa si shule. Watawanye.”

Hakubishana naye. Alinigeukia mimi. “Mwalimu, hebu mwambie bwana mkubwa. Kugawanya ulifundishwa na nani?”

“Chuoni,” nikasema.

Akawaambia watoto wakunje mikeka. Baadaye alifundisha ndani, watatu watatu, akiwaita wageni wake. Mimi hakuniita tena, na sikuwa na uso wa kwenda.

Najua wasomaji mtaniandikia kwamba chuo hakiwezi kuchukua kila mtu, lazima kichuje. Na kichuje. Lakini hao wanaomhukumu mtu kwa alama moja wana raha yao: hawalazimiki kumwangalia tena. Karani hakumwangalia, mkaguzi aliangalia cheti, nao wakaenda kulala wakiamini wametenda haki. Wajinga hao nawadharau, lakini angalau wanaweza kusema hawakumjua. Mie nilimjua, na nilipoulizwa, nilijibu kama wao.