Kivuko Kilichofukiwa Kangle

Anayetunga hadithi hubadilisha majina. Mimi sijui kutunga, shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nitakutajia kila mtu na kila mahali kama palivyoitwa. Kubisha utabisha mwishoni.

Ilikuwa Guangzhou, mwaka uliofuata ile Olimpiki ya Beijing, polisi walipokuwa wakitusaka sisi Waafrika kwa ajili ya pasi. Mimi na Tumaini, binti wa Makambako, tulikwenda Kangle, mtaa wa mafundi cherehani, kuchukua sare za kwaya kwa Mama Lin, fundi wetu. Pasi zetu zilikuwa kwa wakala wa viza. Ukishikwa huna pasi, unalala ndani, kisha unarudishwa kwenu. Na mimi kule nyumbani wajukuu walikuwa wanasoma kwa biashara hiyo ya sare.

Ilikuwa mchana, mvua inanyesha. Tumeshatoka kwa Mama Lin na mizigo yetu, tukasikia cherehani zinazimwa, milango ya chuma inateremshwa mmoja baada ya mwingine. Polisi. Tukakimbilia kichochoro, kumbe kinaishia ukutani.

Chini ya ukuta alisimama bibi wa Kichina, miguu mitupu, suruali ameikunja magotini. Mimi nimelelewa Kyela. Mtu mzima hapitwi bila salamu, hata ukiwa unafukuzwa. Nikapiga goti na mzigo wangu kichwani, nikamwambia, "Shikamoo, bibi."

Akanitazama kama mtu aliyekaa siku nyingi bila kusalimiwa. Kisha akanyoosha kidole kwenye viatu vyangu. Sasa, kwetu mtu akikuambia uvue viatu njiani, unajua mbele kuna mto. Nikavua. Nikapandisha kitenge.

Tumaini akacheka, na hofu yake yote. "Mama, unavuka nini? Si saruji hii?"

Bibi akanishika mkono. Akataja neno, akangoja nilirudie, ndipo tukapiga hatua. Tungwai. Saiwai. Satau. Wangsuitou. Kichina changu ni cha sokoni tu, cha kuuliza bei na kukataa, lakini nilijua hayo ni majina. Niamini, ukuta sikuuona tena. Baridi ilinipanda miguuni mpaka kiunoni. Neno la mwisho nililitamka nikiwa barabara ya upande wa pili, mzigo kichwani, peke yangu.

Tumaini walimshika, wakamrudisha nyumbani. Aliponipigia simu hakunilaumu. Alisema, "Mama, nilikuona unaingia majini. Nikakuita, hukugeuka."

Mimi sikusikia kuitwa.

Nikarudi kwa Mama Lin, ambaye ni mzaliwa wa pale pale. Nilipomtajia yale majina aliacha kushona. Akanieleza kuwa vilikuwa vitongoji vya kando ya mto. Tungwai walipanda miforosadi, Saiwai walifuga samaki, Satau walianika nyavu mchangani, na Wangsuitou ndicho kivuko kilichowaunganisha. Mwanamke wa kivuko alikuwa akiita majina, na abiria aliitikia jina la kitongoji chake kabla ya kupanda. Asiyeitikia aliachwa. Kisha mto ukafukiwa, ghorofa zikapandishwa juu yake, na yule mama akaendelea kuyaita dirishani mpaka akafa. Wanawe waliona aibu, wakafunga dirisha.

Ndipo Mama Lin akatoa viatu vyangu chini ya meza. Alivikuta ukutani, vimepangwa vizuri, ndani vimejaa tope la mto.

Sasa mimi ni mzee, niko Kyela. Mvua ikinyesha nyayo zangu hukunjamana kama za mtu aliyeshinda mtoni akifua, hata nikiwa kitandani chini ya blanketi. Ananiita. Nikiyataja yale majina yote, zinakauka. Lakini nikifa, nani atamwitikia yule bibi?

Ndiyo maana nimekuandikia. Umeshayasoma majina hayo, ni yako pia. Mvua ikikukuta na nyayo zikawa baridi, usinyamaze, itikia. Na ukiwa katika mji wa watu, ukakutana na mzee asiye na viatu, msalimu kwanza, na akikuambia uvue, vua. Saruji si kitu. Mwulize Tumaini.