Ndume Asiye na Nundu

Vijana wa Chebunyo, kwao mume wangu, waliona kwenye simu Watamil wa vijijini India wakimrukia fahali na kung'ang'ania nundu yake. Basi Desemba hiyo nao wakaamua kuwa Watamil. Huko wenyewe wana ng'ombe waliofugwa kwa kazi hiyo, na sheria zao. Chebunyo kulikuwa na uwanja wa mpira, spika na uvivu wa likizo.

Mume wangu, kwa kutaka sifa nyumbani kwao, akajitolea kupeleka ndume wetu kutoka huku juu kwenye majani chai. Ndume wa gredi, mbegu ya kizungu isiyo na nundu! Tulimkata pembe akiwa ndama, na mama yake alipokufa nikamlea kwa ndoo. Mgongo wake ulikuwa bapa kama meza. Nilimwuliza mume wangu watashika nini.

“Mama, hii ng'ombe ni mpole. Haiwezi fanyia mtu kitu,” akanijibu.

“Ndio maana usiipeleke. Ikijua inaweza angusha mtu, imeharibika. Hiyo haisahau.”

Kila mfugaji wa gredi anajua hilo. Ndume wa namna hii ni mpole kwa sababu hajui nguvu zake. Siku akizijua, hafugiki tena. Mume wangu alijua pia, ila alikuwa ameshatangazwa kwenye spika.

Nilienda kutazama, nimenuna tangu asubuhi. Walipofungua lango, ndume wangu alitoka polepole, akamwendea mwanamume wa kwanza na kumlamba mkono. Alidhani ameletewa pumba. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, kisha wakamrukia. Kwa kukosa nundu walishika masikio, wakashika mkia, na mpumbavu mmoja akavuta pete ya puani mpaka damu ikatoka. Niliwatukana kwa Kikipsigis, nikamalizia kwa Kiswahili ili asikose mtu. Mume wangu alikuwa kando ya spika, anapiga makofi. Nilimchukia, na sioni haya kusema hivyo.

Ndume akarusha kichwa mara moja tu. Jamaa wa pete akaanguka chali, akatambaa kutoroka. Umati ukashangilia, lakini ndume hakukimbia. Alisimama akimtazama yule mtu. Hapo nikalia, maana nilimwona akijifunza.

Kesho yake, nyumbani, niliingia zizini na ndoo, nikimwita kama kawaida. Akainamisha kichwa, akakoroma, akaparua ardhi kwa kwato. Nikaweka ndoo chini, nikarudi kinyumenyume hadi nje na kufunga lango.

Mume wangu alikuwa anakunywa chai.

“Itatulia tu,” akasema. “Wacha siku mbili.”

“Basi enda uilishe wewe.”

Nilingoja amalize chai yote. Hakuinuka. Nikampigia simu mwenye bucha palepale mezani, na alipouliza ni nani anayeuza, nikampa mume wangu simu aseme mwenyewe.