Maji Yasiyonuka ya Mama Swafia

Saa mbili asubuhi, Swabaha Kamaludin anatwanga mkaa uani kwake, Mji wa Kale, Mombasa. Si mkaa wa kupikia. Ni vifuu vya nazi alivyookota kwenye vibanda vya chakula vya Makadara, akavichoma ndani ya pipa lililofunikwa hadi vikawa vyeusi tititi.

Mkaa huo huuosha, huuchekecha na kuupanga ndani ya ndoo pamoja na mchanga. Maji ya kisima yenye rangi ya chai huingia juu yakinuka mtaro, na chini hutoka meupe, hayanuki kitu.

"Mkaa una vijitundu visivyoonekana. Uvundo hunaswa humo," aeleza mama huyu wa miaka 41.

Kila ndoo huiandika kwa rangi nyekundu: CHEMSHA.

Neno hilo limemharibia biashara. Zamani aliuza ndoo kumi na tano kwa mwezi, kila moja shilingi 1,200. Sasa akibahatika huuza sita. Tukiwa hapo, mteja aitwaye Loise anaigeuza ndoo, anasoma, anaiweka chini.

"Sasa mamake Swafia, kama ni lazima nichemshe, ndoo ya nini?"

"Ndoo yaondoa harufu, mwanangu. Kipindupindu haikiondoi."

Loise anaaga kwa adabu na kuondoka mikono mitupu.

Swafia alikuwa binti yake wa pekee, wa miaka saba. Miaka minne iliyopita Swabaha alichuja maji, akayatia katika mtungi uliofukizwa ubani, kama alivyofunzwa na mamake. Maji yakinukia vizuri hivyo, nani atayashuku?

"N'kayanusa, n'kaona mazuri," asema. "Na makaa yalikuwa yamepanda bei. N'kasema, haya ya kuchemshiwa nini?"

Mtoto aliugua baada ya siku mbili, akafariki kabla ya adhuhuri ya siku iliyofuata. Majirani walimwambia kazi ya Mungu haina makosa, naye hakubishana nao. Lakini bado anajilaumu.

Baada ya arubaini alirudi kwenye kinu. Mumewe, Zakariya, alimsihi aache, hakusikia. "Akianza kutwanga, mimi hutoka nje," asema Zakariya.

Siku hizi vumbi la mkaa linalobaki hulikanda kwa uji wa unga wa muhogo, akaliviringa matonge na kuyaanika juani. Yakikauka huwaka vizuri jikoni. Anatafuta mashine ya mkono ya kuyashindilia, ili kila anayenunua ndoo apewe bure makaa ya kuchemshia maji mwezi mzima.

"Sitaki mama mwingine aseme makaa ni ghali," asema, akifuta mikono kwenye leso.

Anaushika mchi tena.

"Nami makaa n'likuwa nayo. Gunia zima la mkaa wa vifuu lilikuwa papa hapa uani. N'kaliweka la chujio, sikuliwasha."