Siku Niliyomnadi Bakari Kuwa Hana Mwenyewe

Aibu niliyoipata Msambweni siku ya kumchagua mjumbe wa baraza la wilaya bado inaniwasha, na kila nipitapo sokoni hakosi mtu wa kuniuliza, "Je, Hamisi, leo wanadi nini?" Basi acheni niieleze mimi mwenyewe, maana wengine wanaitia chumvi.

Wa kwanza kulaumiwa ni Mwinyihaji, tajiri wa kuuza mbata za nazi. Ndiye aliyemsimamisha Salimu Kombo mara ya kwanza, akamlisha, akamvisha kanzu, na kisima cha baraza kilipokuja kikachimbwa wapi? Uani kwa Mwinyihaji! Wake zetu wakawa wanapiga hodi kuomba maji yaliyo yao. Safari hii tukamsimamisha rafiki yangu Bakari, seremala, mtu asiyekula kwa mtu, nami nikapewa pembe nikapige mbiu.

Bakari akaniambia, "Hamisi, sema hivi tu: Bakari hatumwi na mtu. Usiongeze neno."

Lakini mimi (darasa nilifika la pili, ila mdomo Mungu hakuninyima) nikaona maneno yale makavu, na nilipofika msikitini watu wanatoka sala ya Ijumaa, nikapuliza pembe, nikapaza sauti: "Enyi waungwana! Salimu ana mwenyewe, na nyote mwamjua! Mchagueni Bakari, Bakari hana mwenyewe!"

Nilikusudia kuwa hakuna tajiri anayemmiliki. Lakini kwetu asiye na mwenyewe ni mbuzi wa kuokotwa, au mtu asiyejulikana kwao. Salimu akalidaka neno pale pale: "Mwasikia? Rafikiye ndiye asemaye! Baraza mtampa mtu wa kuokotwa?" Watu wakaangua kicheko, nami badala ya kunyamaza nikapuliza tena, nikarudia kwa nguvu zaidi (nilidhani wamefurahi!).

Siku ya uchaguzi Mudir, mtawala wa serikali, akatuamuru uwanjani kila mtu asimame nyuma ya amtakaye. Mstari wa Salimu ukazidi kurefuka, na ndani yake wajomba wa Bakari hasa, nawataja, Mzee Juma na Mzee Athumani, wali wa Mwinyihaji haujawashuka tumboni. Mara akaingia Bi Mwanasiti, mamake Bakari, buibui limemporomoka mabegani, akanikamata ukosi wa kanzu.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako kaa nayo! Sema mbele ya watu, mwanangu ana mwenyewe au hana?"

"Anaye, mama."

"Nani?"

"Wewe, mama."

"Na wajombaze? Waonyeshe!"

Nikanyoosha kidole kwenye mstari wa Salimu. Bi Mwanasiti akawageukia.

"Juma! Athumani! Mwanangu ni wa kuokotwa?"

Wazee wakatazamana. Nani atakubali mbele ya Mudir kuwa dadake kazaa mtoto asiye na kwao? Wakahama, na wana wao, na wakwe zao, wakaja nyuma ya Bakari, akashinda, na mimi bado nimeshikwa ukosi, pembe yaning'inia shingoni, natamani ardhi inimeze.

Nilitaka wamchague kwa kuwa si wa mtu, wakamchagua kwa kuwa ni wao, na kesho yake wakaja kudai. Mzee Juma ataka kisima kipya kiwe mlangoni pake, Mzee Athumani naye pake, na Bi Mwanasiti (si ndiye aliyetushindia?) akitaka karibu na jiko lake. Bakari akawasikiliza, akawapa kahawa, kisha kisima akakipeleka njia panda, pahali pasipo pa mtu, mbali na wote.

Juzi nikamkuta Bi Mwanasiti huko, debe kichwani, jasho lamtiririka. Nikataka kukata kona, akaniita.

"Hamisi, siku ile nilikuonea, mwanangu. Ulisema kweli. Huyu hana mwenyewe. Hata mimi niliyemzaa kanipita!"

Akacheka mpaka maji yakamwagika, nikampokea debe.

Basi nanyi mkienda kuchagua, mtafuteni ambaye hata mamake humnung'unikia. Ila kumnadi mpeni mtu mwingine. Mimi pembe nimeshairudisha.