Kahawia ya Baba

Watu walimwita Bi Kahawia, na jina hilo hakulichukia hata kidogo, maana alilitolea jasho. Ungempelekea picha uliyoipiga jana kwa simu, akakaa nayo kwenye kompyuta, akaifuta rangi zote ikabaki nyeusi na nyeupe, kisha akaanza ufundi wake. Vivuli alivitia kahawia iliyokolea, sehemu za mwanga akaziachia krimu kwa mbali, halafu akachapa kwenye karatasi nzito isiyong'aa. Ukiishika ungeapa imesafishwa na babu yako kwenye chumba cha giza. Wenzake waliobonyeza kitufe kimoja picha ikageuka kuwa ya zamani hakuwapa hata nafasi ya kubishana naye. "Hao wanamwagia picha chai," alisema, mazungumzo yakaishia hapo.

Siri yake ilikuwa ukutani, juu ya mashine ya kuchapia. Picha ya mama yake, blauzi nyeupe, uso mtulivu, yote kahawia. Baba yake aliisafisha mwenyewe katika chumba hiki hiki, enzi kikiwa cha giza, na sinki lake bado lipo pembeni, limejaa nyaya na chaja. Mama alifariki Bi Kahawia akiwa hajatimiza mwaka. Negativu, zile filamu za kutolea nakala, ziliharibiwa na mafuriko, na baba akaifungia picha hiyo moja sandukuni kwa sababu hakuwa na moyo wa kuitazama. Alipofariki, miaka kumi na moja iliyopita, binti aliitoa, akaipenda rangi yake hadi akalia, akaiskani, akatengeneza kanuni kwenye kompyuta na kuiita Kahawia ya Baba. Ndiyo iliyomlisha tangu siku hiyo.

Dada yake mkubwa, ambaye mama alimwacha na miaka tisa, alipoletewa nakala ya kwanza alikunja uso. "Mbona umemtia mama kutu? Mimi nipe nyeusi na nyeupe." Bi Kahawia alinuna, akamtengenezea ya bora liende: akaondoa kahawia, akakaza weusi, akachapa, akaitia kwenye bahasha bila kuitazama mara mbili. "Haina uhai," alimwambia.

Kulikuwa na jambo moja lililomsumbua. Kila Januari aliiskani upya picha ya ukutani ili alinganishe kanuni yake, na kila Januari kanuni ilikuwa imepotoka kidogo. Mwaka mmoja aliilaumu skrini, akanunua nyingine. Mwaka mwingine aliyalaumu macho, akavaa miwani. Mama ukutani hakumshuku, nani angemshuku mama? Alirekebisha kahawia, akahifadhi skani na kanuni mpya juu ya zile za zamani, kazi ikaendelea.

Sasa, asubuhi moja akaja mzee mmoja na fimbo yake, anataka picha yake ya harusi itolewe nakala. Huyu alikuwa msaidizi wa baba yake ujanani, na mtaa mzima ulimwita Mzee Beseni kwa kuwa siku zake zote za kazi aliinamia beseni. Alikaa, akapewa maji, akainua macho ukutani. Akasimama fimbo ikiwa bado sakafuni.

"Nani kaitia rangi picha hii?"

"Baba, mzee wangu. Hiyo ndiyo kahawia yake."

"Baba yako hakuwa na kahawia! Picha zake zilikuwa nyeusi tii, nyeupe pepepe. Hii aliisafisha yeye, lakini kuiosha niliiosha mimi."

Bi Kahawia alicheka, akidhani ni uzee. Mzee hakucheka. Akaeleza kwamba picha ikitoka kwenye dawa ya mwisho huoshwa kwa maji yanayotiririka saa nzima, la sivyo dawa hubaki ndani ya karatasi na kuila polepole. Huanza kahawia, ikaja njano, mwisho hubaki karatasi.

"Siku hiyo kulikuwa na mpira," alisema. "Niliipa dakika kumi. Mwanangu, sikujua kama ingebaki hiyo tu."

Skrini aliyoinunua bure, miwani, Januari zote kumi na moja vilimjia Bi Kahawia kwa mpigo. Alikuwa akimtazama mama akiliwa, na kila mwaka alirekebisha mashine ili imfuate vizuri anavyokwisha. Na akawauzia watu! Kwenye kuta za mji mzima ulining'inia ugonjwa wa mama yake. Aliparamia kompyuta kutafuta skani ya kwanza. Faili lilikuwa moja tu, la Januari hii.

"Mzee, umeniulia mama mara ya pili," alisema, kisha akaona aibu, kwa kuwa aliyefuta mafaili si mzee.

Ndipo alipokumbuka bahasha. Akampigia dada yake.

"Dada, ile picha mbaya ya mama unayo?"

"Ile uliyosema haina uhai? Ipo sebuleni, haijawahi kutoka. Kwani vipi? Mbona unahema?"

"Ipige kwa simu, unitumie. Sasa hivi!"

Ikaingia. Bi Kahawia akaivuta ikue. Picha nyeusi tii, nyeupe pepepe, mshono wa kola unaonekana uzi kwa uzi. Na begani, juu ya blauzi, palikuwa na vitu vinne vidogo ambavyo kwenye ile ya ukutani ni doa tu la njano.

"Dada, hivi ni nini begani?"

"Vidole vyako, we mtoto. Si ulikuwa mgongoni? Ulikataa kushushwa, baba akachoka akapiga hivyo hivyo. Nilijua unaviona kila siku."

Hakuwahi kuviona. Tangu apate akili alijua hana picha hata moja akiwa na mama yake, na hilo aliwahi kulisema kwa watu mpaka wakamwonea huruma. Akakaa chini sakafuni, mdomo wazi, simu mkononi.

Aliponyanyua uso, Mzee Beseni alikuwa akitoa nyaya na chaja kwenye sinki, moja moja, anaziweka juu ya kiti. Akafungua bomba. Maji yakakohoa, yakaja na kutu, yakatakata.

"Iliyokwisha kuliwa hairudi," alisema. "Ila kilichobaki tunaweza kukizuia kisiliwe. Nipe."

Bi Kahawia aliitoa picha kwenye fremu, akampa. Mzee akakunja mikono ya shati, akailaza picha majini, akaanza kuigeuza taratibu huku akiiangalia saa ya ukutani. Dakika kumi zikapita. Hakutoa mkono.