Nusu Kichwa Kibarazani kwa Mama

Harufu ya rasta zinazounguzwa ncha kwa mshumaa ndiyo harufu ya nyumbani kwetu Kiwalani. Wengine wakikumbuka utoto wanakumbuka wali wa nazi au mvua ya kwanza. Mie nakumbuka ule moshi mkali wa nywele za bandia zinazoyeyuka, umechanganyika na mafuta ya nywele na mvuke wa maji yaliyokuwa yakichemka kwenye jiko la mkaa pembeni mwa kibaraza. Jumamosi asubuhi mkeka ulikuwa umeshatandikwa, stuli mbili zimewekwa, vitana vimesimamishwa ndani ya kopo la maziwa, na wanawake wamekaa wanapiga soga. Ndege zilipita chini chini zikienda kutua uwanjani, na kila ilipopita moja maneno yalikatika, midomo ikabaki wazi, ikishapita wanaendelea pale pale walipoishia. Mikono ya Mama tu ndiyo haikusimama, hata ndege ingepita juu ya bati.

Hivi karibuni nilialikwa kwenye semina ya wanawake wanaoanza biashara. Kijana mmoja mwenye tai alituonyesha michoro ukutani, mishale inakwenda huku na huku, akatueleza namna ya kujenga fikra za ujasiriamali. Nilikaa nyuma nikawa natabasamu peke yangu kama chizi. Sikuwa namdharau, maskini, kijana wa watu alikuwa amejiandaa. Ila mie hayo mambo nilifundishwa na mwanamke aliyeishia darasa la saba huko Newala, katika kiangazi kimoja nilipokuwa na miaka kumi na moja. Na somo lenyewe lilianza kwa kosa, tena kosa ambalo mkono wangu ulikuwemo.

Mama yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Somoe kwa jina langu, alisuka watu bure kwa miaka mingi. Jirani anakuja na kitana chake, anakaa katikati ya magoti ya Mama, wanaongea mpaka kichwa kinaisha, anashukuru anakwenda zake. Siku Mama alipotangaza kwamba kuanzia sasa kusuka ni kazi, watu walimnunia. Wapo waliosema kaanza kujidai, wapo waliopita mbele ya kibaraza wakitazama upande wa pili kana kwamba kuna kitu cha kutazama kule. Baba, fundi ujenzi mwenye maneno machache, alimwambia tu, "Umeamua, kaza." Na Mama alikaza. Alichokuwa anakitaka alikijua na alitwambia kila siku mpaka tukakiimba: banda lake mwenyewe kando ya barabara, lenye kioo kikubwa na mlango wa kufunga, na watu waseme ukitaka kusukwa vizuri nenda kwa yule mama. Jina, alisema, ndilo analolitafuta.

Sasa, mtu yeyote aliyewahi kusukwa Dar anaujua mchezo wa wasusi. Mteja akija ukamwambia asubiri, atakwenda kwa msusi mwingine. Kwa hiyo humwambii asubiri. Unamkalisha, unamfumua nywele za zamani, unamvuta mistari miwili ya nyuma ya sikio, halafu unamwambia "nakuja sasa hivi dada'angu" na kumrukia mwingine. Ataenda wapi na nusu kichwa? Huo mchezo Mama hakuubuni, aliukuta, lakini aliucheza kwa bidii, na msaidizi wake nilikuwa mie. Kazi yangu ilikuwa kufumua na kuanza ile mistari miwili. Matokeo yake, ikifika saa sita mchana siku ya Jumamosi, ungeweza kukutana na wanawake gengeni wananunua nyanya, upande mmoja umesukwa vizuri, upande wa pili nywele zimesimama kama zimeona jini. Muuza genge alikuwa akicheka, "Hicho ni kichwa cha Mama Somoe hicho, bado kinaiva." Nasi tulicheka. Mie nilijiona mjanja kweli kweli.

Jumamosi moja asubuhi alikuja mwalimu wangu wa darasa, Mwalimu Neema. Nieleze kidogo nilivyompenda. Alikuwa binti mwembamba aliyetokea bara, mwenye sauti ya chini, na darasa letu la watoto themanini na kitu alilituliza bila fimbo, kwa kunyamaza tu. Aliwahi kusoma insha yangu mbele ya wenzangu, nikatembea wiki nzima kama nimevaa viatu vipya. Nilipomwona amesimama kwenye kibaraza chetu, na mfuko wenye pakiti mbili za rasta mkononi, nilihisi nimepewa zawadi. "Shikamoo mwalimu," nikasema. Akaitikia, akaniambia jioni ile ni sendofu yake, sherehe ya kwao ya kumuaga kabla ya harusi. Ndugu zake wote wamefika, gari la kumpeleka ukumbini litakuja saa kumi na moja. Alitaka mistari ya kupanda juu na kishungi kikubwa utosini. Alikuwa amesikia kwamba Mama Somoe ana mkono mzuri.

Mama hakuwepo. Alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Buguruni, alikoitwa nyumbani kwa watu kuwasuka wasimamizi wa harusi, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Aliniachia maagizo: yeyote atakayekuja, mkalishe, anza naye, mimi saa tano niko hapa. Mie nikafanya kama nilivyoagizwa. Nikamkalisha mwalimu wangu kwenye stuli, nikamfumua rasta zake za zamani moja moja, nikamchana, nikamvuta mistari miwili nyuma ya sikio. Kisha nikamwambia kwa ile sauti ya Mama niliyoiga vizuri, "Mama anakuja sasa hivi, mwalimu."

Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Jirani yetu Mama Pili, aliyekuwa ameanzwa tangu saa mbili, alijifunga kanga kichwani akaenda kwake kuinjika maharage, maana yeye alishazoea. Mwalimu Neema hakuwa na pa kwenda. Alikaa pale nywele zimemsimama, watu wanapita wanamsalimia bi harusi, naye anaitikia huku anatazama saa yake ya mkononi. Kila alipoitazama nilisema "anakuja sasa hivi". Nilisema mara ngapi sijui. Ilipofika saa nane, akaniuliza taratibu, bila ukali wowote, "Somoe, mama yuko wapi?" Laiti angenifokea. Ile sauti ya chini ndiyo iliyonimaliza. Nikasema kweli: yuko Buguruni, anasuka watu wanne, rasta ndogo ndogo, hata yeye hajui ataisha saa ngapi, na simu hatuna. Nikaanza kulia.

Alinyamaza kama alivyokuwa akinyamaza darasani. Kisha akauliza, "Wewe unaweza kusuka nini?" Nikamjibu kwamba naweza twende kilioni tu. Kwa asiyejua, hiyo ni mistari ya kawaida inayorudi nyuma kisogoni, staili ya kwenda msibani, ya mtu asiyekuwa na muda wa kujiremba. Hakuna bi harusi duniani anayekwenda kwenye sendofu yake na twende kilioni. Mwalimu Neema alinitazama, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, na sikuelewa mara moja kwamba katikati ya kile kicheko machozi yalikuwa yanamtoka. Akajifuta kwa kiganja. "Haya, suka," akasema. "Ila acha kulia, utapindisha."

Nilisuka. Sijawahi kusuka kichwa kingine kwa uangalifu ule mpaka leo. Makamasi yalikuwa yananitoka, na mstari mmoja juu ya sikio lake la kushoto ulipinda na sikuweza kuunyoosha. Saa kumi kasorobo aliinuka, akajiangalia kwenye kioo chetu kidogo, akaniwekea mkono begani. Akaondoka haraka, na zile pakiti mbili za rasta akazisahau juu ya mkeka.

Mama alirudi muda si mrefu baadaye, amechoka lakini uso unang'aa, maana kule Buguruni walimsifia. Akaziona zile rasta. "Za nani hizi?" Nikamweleza. Nilitegemea atanigombeza kwa kumgusa bi harusi wa watu, lakini alikaa chini kwenye ngazi, begi bado liko mkononi. "Nimemkalisha bure mtoto wa watu siku yake," akasema. Akarudia tena, kwa sauti ya mtu anayejisemea. Kesho yake alinishika mkono tukaenda hadi nyumbani kwa mwalimu kurudisha rasta na kuomba radhi. Tulipokelewa vizuri, tukapewa soda, na Mwalimu Neema akasema yamekwisha, Mama Somoe, usijali. Tukiwa njiani kurudi Mama alisema, "Bora angenitukana."

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na ubao mdogo mweusi umetundikwa mlangoni kwetu. Mama aliandika kwa chaki saa na majina: saa mbili fulani, saa sita fulani, saa tisa fulani, basi. Aliyekuja jina lake halipo aliambiwa wazi, leo sikuwezi, njoo kesho saa nne. Jamani, watu walishangaa! Mama Pili alisema, "Msusi gani huyu anafukuza watu?" Wateja wakahamia kwa wasusi wa mtaa wa nyuma, wakakae na nusu vichwa vyao kwa raha. Zikapita wiki ambazo ubao ulikuwa na jina moja, na siku nyingine hakuna hata moja, na Mama alikaa kibarazani na kitana mkononi anatazama barabara. Mie nilimwomba turudie mtindo wa zamani. Nilisema, Mama, tutakosa banda. Akanijibu, "Banda la kumdanganyia mtu silitaki." Niliona ukaidi tu. Nilimkasirikia kabisa, lazima niseme ukweli.

Na kilichomuuma kuliko vyote kilikuja siku ya harusi yenyewe ya Mwalimu Neema. Hakuja kusukwa kwetu. Magari yalipita na matarumbeta, tukakimbilia barabarani kama watoto wote, na dirishani nikamwona, kichwa kimepambwa kikapambika, kazi ya msusi mwingine, nzuri sana. Mama alisimama nyuma yangu. Alipiga kigelegele na wenzake, akaingia ndani. Mwalimu akahamia kwa mumewe, mkoani, na muhula uliofuata tukapewa mwalimu mwenye fimbo. Kabla hajaondoka aliniletea picha moja ya sendofu niione: amekaa katikati ya dada zake wenye vishungi virefu, yeye na mistari yangu ya msibani, anacheka. Akaniwekea kidole pale juu ya sikio la kushoto. "Hapa ndipo ulipokuwa unalia sana," akasema, kisha akairudisha picha kwenye pochi.

Wateja walirudi, lakini si wale wale. Walianza kuja manesi wanaotoka zamu, makarani, wanawake wenye maduka yao, watu ambao saa kwao ni kitu cha kweli. Walikuja kwa sababu walisikia kuna mama Kiwalani akikwambia saa tisa ni saa tisa. Ilichukua muda mrefu, mie nilikuwa nimeshamaliza shule, lakini banda lilipatikana, na kioo kikubwa, na mlango wa kufunga. Ule ubao ulihamia nao ukutani.

Leo nina saluni yangu Kibamba, na mabinti watatu wanaofanya kazi nami. Mambo yamebadilika sana. Wateja hawakai tena kwenye mkeka wakasengenyana mpaka ndege ipite. Kila mmoja ameinamia simu yake, na wengi hawasukwi kabisa, wananunua wigi wanavaa kama kofia. Naukosa ule mkeka. Ila ule mchezo haujafa, umehamia kwenye simu. Siku hizi mtu anaandikiwa "nipo njiani" na msusi ambaye bado amelala kitandani. Mie mwenyewe nimewahi kujaribiwa, tena si mara moja, na kila nikitaka kuandika maneno hayo naona zile nywele zimesimama na ile saa ya mkononi.

Mwezi uliopita alishuka mama mmoja mtu mzima mlangoni kwangu, amefunga kilemba, ameongozana na binti. Sikumjua mpaka aliposema jina langu kwa ile sauti ya chini. "Huyu mwanangu ana sendofu Jumamosi," akasema. "Niambie saa, Somoe." Nikamwambia saa tatu asubuhi. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala, na saa mbili na nusu nilikuwa mlangoni, maji yanachemka, vitana vimepangwa. Walipofika nilimpokea binti mkono kwa mkono hadi kwenye kiti, na sikuinuka kwake mpaka nilipofunga kishungi. Ilipotimu saa saba tulikuwa tumemaliza. Mwalimu Neema alikuwa amekaa pembeni muda wote. Alipoinuka alifungua kilemba, mvi zimejaa, akajigusa juu ya sikio la kushoto. "Na mimi Jumatatu," akasema. "Ile ile yetu."

Walipoondoka nilimpigia Mama, ambaye siku hizi macho hayamruhusu kusuka. Nikamwambia, Mama, Mwalimu Neema amekuja, amemleta mwanawe. Nikasikia ndege inapita juu ya bati la Kiwalani, na tukangoja wote wawili mpaka ikapita.

"Umemkalisha?" akauliza.

"Sijamkalisha, Mama."

Nikamsikia anavuta pumzi ndefu. Kisha, peke yake pale kibarazani mchana kweupe, Mama akapiga kigelegele.